Kigingi Kando ya Jiko Langu

Mikumi,
3 Agosti 1974

Dada Sikuzani,

Shikamoo. Usiitikie kwa hasira kwa kuwa miezi miwili sijaandika. Nimehamishwa tena hapa hifadhini, mara ya tatu sasa, kutoka getini hadi gari la doria, na dereva wa doria hana meza wala kiti. Naandika juu ya boneti. Wenzangu wamepewa nyumba za bati, nami nimepewa, ila yangu naweka madebe ya mafuta na kulala kwenye gari. Wananicheka, wanasema Mwinshehe kaoa Landrova ndiyo maana hatafuti mke.

Ninalotaka kukuambia ni la heri. Unajua watu wa Zombo walioko mashambani wameamriwa wawe wameingia vijijini kabla Septemba haijaisha. Mjomba Mwegoha macho yamekwisha, atajenga na nani? Basi nimezungumza na mwenyekiti wenu alipopita hapa Mikumi. Mtu mwelewa sana. Amekubali Mjomba aandikishwe Kisanga, na kiwanja chake kiwe kile kinachopakana na chako upande wa jikoni. Kigingi kimeshapigwa, kina namba. Vijana watamjengea. Wewe utampelekea uji na maji ya kuoga, na Mwamvua ana miaka tisa sasa, ataweza kumshika mkono kwenda msalani.

Najua una kazi nyingi tangu uachike. Lakini kwetu mtoto ni wa mjomba, na huyu ndiye aliyetuchukua sote wawili siku mama alipozikwa. Ungekuwa na mtoto wa kiume nisingekubebesha mzigo huu, wavulana wana fujo, wangemsumbua mzee. Kwako kumetulia, wewe na binti tu.

Nijibu upesi, barua umpe dereva wa lori la pamba.

Mdogo wako,
Mwinshehe


Kisanga,
11 Agosti 1974

Mwinshehe,

Marahaba. Kigingi nilikiona kabla ya barua yako. Nilidhani ni cha choo cha shule. Namba kumi na nane. Tangu nijue ni cha nani, nafagia uwanja mpaka pale, narudi, nafagia tena, majirani wanauliza nina mgeni gani.

Hapana. Mjomba asije hapa. Jiko langu lina moshi na mtu wa macho mabovu hawezi moshi. Maji yako mbali. Siku tatu kwa juma niko shamba la kijiji, nani atampikia uji? Na Mwamvua hatamshika mtu mkono, ana shule. Sababu ni nyingi, chagua unayoipenda.

Mchukue wewe. Una nyumba ya bati ambayo hulali. Wewe ndiye uliyekuwa kipenzi chake, alikuwa anakubeba begani kwenda shambani, mimi nafuata nyuma na chungu. Mfurahishe uzeeni.

Nimeandika haya nimesimama na mboga inaungua. Ukikataa nitamwendea mwenyekiti mwenyewe, ingawa sijui nitamwambia nini.

Dada yako,
Sikuzani


Mikumi,
19 Agosti 1974

Dada,

Shikamoo. Moshi! Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sababu ya mtu mzima, nikapata moshi.

Mimi siwezi kumchukua. Hizi ni nyumba za kazi, zina sheria zake, na leo niko hapa, kesho nimehamishwa. Hata bila sheria siwezi, na usiniulize zaidi ya hapo. Wewe ndiye mkubwa na ndiye mwanamke. Watu wa Zombo wameanza kusema watoto wa marehemu dada yake hawana shukrani. Unataka nami niseme hivyo? Damu nzito kuliko maji, Sikuzani, na mzee haombi dhahabu, anaomba uji.

Majina yameshaandikwa. Lori litawachukua tarehe ishirini na nane Septemba, na mwenyekiti mwenyewe atakuwepo kusoma orodha. Ukienda kumwambia habari za moshi utanitia aibu.

Mwinshehe


Kisanga,
27 Agosti 1974

Nesi Letisia,

Mimi ndiye yule mama uliyemtukana Alhamisi hapa Kisanga mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto. Ulisema, "Wewe Msagara, tangu nifike hujakaa. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaa chini, au uniambie nani alikufukuza kwenye kiota." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ninyi Wanyamwezi ni watani wetu tangu mababu zenu walipopita huku na mizigo kichwani, na mtani hakasirikiwi. Angesema mwingine ningemrushia kata ya maji. Lakini nilipofika nyumbani nililia mpaka mtoto akaogopa.

Kabla sijaondoka, ulipomaliza kufunga mizani, ulinifuata, safari hii bila kicheko. Ulisema huko Kilosa una chumba cha bandeji ambamo watu wazima huja kukuambia waliyofanyiwa wakiwa watoto. Ukasema mtani anafaa kuambiwa kwa sababu dharau zake zote ameshazimaliza kwa mzaha. Siwezi kufika Kilosa kabla pamba haijaisha. Nitakuambia kwa kalamu.

Nina miaka thelathini na mitatu. Nilipokuwa na kumi mama alikufa, na mjomba wetu akatuchukua mimi na mdogo wangu wa miaka saba. Alikuwa na shamba la mpunga Zombo. Tulikuwa tunawinga ndege, na katikati ya shamba kulikuwa na dungu la kukalia. Mjomba alikuwa anamtuma mdogo wangu mtoni, mimi ananipandisha dunguni, na alinifanyia huko mambo ambayo mtu mzima hamfanyii mtoto. Misimu mitatu. Alisema nikitoa sauti, itakuwa zamu ya Mwinshehe. Basi sikutoa sauti. Mdogo wangu akakua mzima, akasoma, sasa ni dereva wa serikali. Ni jambo moja nililolifanya vizuri hapa duniani.

Na huyo huyo ndiye anayeniletea mtu yule kando ya jiko langu. Binti yangu ana miaka tisa. Nikifikiria tarehe ishirini na nane miguu inaanza kutembea yenyewe. Nimwambie mdogo wangu au nisimwambie? Nikimwambia nitamvunjia mtu anayempenda kama baba. Barua zake hizi hapa, zisome, kisha unirudishie.

Sikuzani


Kilosa,
2 Septemba 1974

Mtani wangu Msagara,

Siku ya kugawa akili ukoo wenu ulikuwa shambani unafukuza nguruwe, lakini siku ya kugawa moyo mlifika mapema. Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kumchoma mtu sindano, nikarudi nikaisoma tena. Sikushtuka. Niliumia. Hivyo ni vitu viwili.

Hukukosa. Usiniambie "lakini", najua unayo mdomoni, wote wanakuja nayo. Mwezi huu wamekuja wanne kwenye chumba changu cha bandeji, mmoja ana mvi na wajukuu, na naye alileta "lakini" yake. Mtoto wa miaka kumi hana kukubali wala kukataa. Alaumiwe mwenye ndevu.

Dawa ya chupa sina. Kidogo nilifundishwa na daktari mmoja, kingi nimefundishwa na wagonjwa. Jambo lisilosemwa hukaa mwilini likidhani bado ni leo. Ukilisema mbele ya mtu asiyekimbia, ukalisema tena baada ya majuma matatu, na tena, taratibu linajua kwamba ni la mwaka hamsini na moja. Mara ya kwanza utatapika. Mara ya tano utaniuliza kama kuna chakula. Sikuahidi kwamba litaondoka. Linapungua, unapata nafasi ya kukaa.

Sasa huyo mdogo wako. Ni punda mwenye leseni. Amepanda juu ya boneti anapanga nani amuogeshe nani. Mwambie au usimwambie, ila usimngojee akuokoe. Alhamisi ya tarehe kumi na mbili nakuja na mizani yangu, na hicho kigingi niachie mimi. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakishtakiwi, hata katika nchi ya ujamaa.

Mtani wako mwenye akili,
Letisia


Kisanga,
14 Septemba 1974

Mwinshehe mdogo wangu,

Juzi nesi mmoja Mnyamwezi aling'oa kigingi cha Mjomba mbele ya mwenyekiti. Akakichomeka kiunoni kwenye khanga, akatandika mkeka pale pale, akapima watoto wote juu ya kiwanja namba kumi na nane. Alisema Wasagara wamechelewa kumlipa mahari ya bibi yake, kwa hiyo amehamia. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akatafuta pa kuegemea. Akasema utani ni utani, yeye hawezi kuuingilia, lakini baada ya siku nane kigingi kirudi kwa sababu orodha haina utani.

Mimi nilikuwa nangoja watu waondoke. Nilimweleza nesi, kwa mdomo, nyuma ya jiko, jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Nilitapika, akanishika kichwa. Sasa nakueleza wewe, na ukitaka kunichukia nichukie ukishamaliza kusoma.

Kule Zombo, Mjomba alipokuwa anakutuma mtoni, alikuwa ananiumiza. Dunguni, misimu mitatu. Unajua namna ambayo mwanamume anaweza kumuumiza mtoto wa kike, usinilazimishe kuiandika. Sikupiga kelele kwa sababu alisema nikipiga atakuchukua wewe. Kila uliporudi na ndoo nilikuangalia, nikakuona mzima, nikajua siku hiyo nimeshinda. Ndiyo maana nilikataa uji. Moshi ulikuwa uongo. Namuogopea Mwamvua, na najiogopea mwenyewe, mwanamke mzima mwenye jembe lake, naogopa kipofu.

Najua ulimpenda. Naumia kukuharibia.

Lakini jana nilizisoma tena barua zako nikitafuta mahali pa kukukasirikia, na kuna mstari umenikwama. Uliandika usingenibebesha mzigo huu kama ningekuwa na mtoto wa kiume, ati wavulana wangemsumbua mzee. Mvulana gani aliwahi kumsumbua? Nyumbani kwa Mjomba alilala mvulana mmoja tu. Nimeuacha mstari huo nikaenda kuteka maji, nimerudi, bado uko pale.

Mwinshehe, siku zile nilizokuwa natumwa kutwanga kwa shangazi, narudi jua limeshaanza kuzama, wewe ulikuwa wapi?

Dada yako,
Sikuzani


Mikumi,
20 Septemba 1974

Dada,

Shikamoo. Barua imefika. Moto wa nyika umeingia upande wa Mkata, tuna kazi nyingi. Nitaandika.

M.


Kisanga,
24 Septemba 1974

Mwinshehe,

Moto wa nyika uko kila mwaka. Kigingi kimerudi. Leo wamepiga kingine, kirefu zaidi, na vijana wameleta fito.

Sikulazimishi ujibu nililokuuliza. Kama swali ni baya, lichane. Lakini ikiwa Jumamosi lori litamshusha hapa, mimi na Mwamvua tutakuwa tumeondoka kwa miguu, na waje kunitafuta wenye orodha. Sijui nitakwenda wapi. Nimefunga mzigo, nimeufungua, nimeufunga tena. Mtoto ananiuliza tunahama na nani, nimemwambia na mimi.

Nina hofu na hasira, na ninakukumbuka sana. Vyote vitatu kwa pamoja.

Sikuzani


Mikumi,
30 Septemba 1974

Dada yangu,

Nilikuwa dunguni.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Siku ulizokwenda kutwanga kwa shangazi, mimi nilikuwa dunguni. Nililiandika tarehe ishirini nikalichana, nikaandika habari za moto. Moto wenyewe ulikuwa umezimwa siku mbili nyuma.

Aliniambia nikisema atakuchukua wewe. Maneno yale yale, dada. Ulikuwa unarudi na unga kichwani, nakuangalia usoni, naona hulii, nasema basi, nimemkinga. Miaka yote hii hilo ndilo peke yake nililojisifia moyoni. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mwenzake dhidi ya mtu aliyekuwa anatula sote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nasi tulikuwa tunakifulia hizo nguo.

Sasa sikia ubaya wangu, maana nisipousema leo sitausema. Mwezi wa saba Mjomba alinitumia salamu kwamba anataka kuja kukaa kwangu. Nikasema nitamsukuma kwa dada, dada hakuguswa, na mtoto wake ni wa kike, huyu anataka wavulana. Nilifikiri hivyo, na akili zangu timamu. Nikakuandikia kwamba Mwamvua amshike mkono. Sikuombi unisamehe hilo leo. Nataka tu ujue kwamba nalijua.

Jumamosi nilichukua gari nikafika Zombo lori likiwa bado linapakia. Watu wamejaa, kuku wamefungwa miguu, milango waliyoing'oa imeegemezwa kwenye miti. Mjomba alikuwa amekaa juu ya furushi lake amevaa kofia safi. Mwenyekiti wenu akasoma, "Mwegoha, Kisanga, namba kumi na nane." Nikasema hapana. Akauliza, "Sababu, ndugu dereva?" Dada, nilikuwa nimekusudia kusema habari za moshi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

Nikasema, "Mtu huyu alininajisi nilipokuwa mtoto wa miaka minane. Asipelekwe penye watoto."

Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe akamficha nyuma ya kanga. Mjomba akacheka kidogo, akageuza uso kule alikodhani nimesimama, akasema kwa upole ule ule, "Mwanangu, jua limekupiga. Mwanamume mzima unasema maneno kama hayo, nani atakuamini?" Nimegundua si yeye niliyemwogopa miaka yote. Nililiogopa swali hilo.

Mtu akasema, "Mimi."

Alikuwa Kasian. Unamkumbuka, yule mtoto wa shamba la pili, aliyekuwa anawinga ndege ng'ambo ya mfereji. Sasa ana watoto watano. Aliweka jembe chini, akapita katikati ya watu wote, akaja kusimama karibu nami mpaka mabega yakagusana. Mjomba akauliza, "Nani huyo? Nani huyo?"

Mwenyekiti alikunja orodha. Baadaye akaifungua akamfuta Mjomba kwa kalamu nyekundu, nimeona kwa macho yangu. Wazee wa ukoo wamemchukua wao, atakaa Zombo na wazee wawili wasio na watoto nyumbani, na balozi wa nyumba kumi ameambiwa sababu kwa maneno wazi. Kesho mimi na Kasian tunakwenda polisi Kilosa kuandikisha maelezo. Wapo walionikatalia mkono siku ile. Binamu yetu mmoja alitema mate chini nilipopita. Niliendesha kurudi Mikumi nikasimama njiani mara nne.

Fungua mzigo wako. Usihame.

Jina lako sikulitaja. Hakuna anayejua. Ni lako, utalisema siku utakayo, au usiseme kabisa, na mimi sitakuuliza.

Nina ombi moja. Yule nesi wako Mnyamwezi, aliyesema mimi ni punda, maana najua lazima alisema: muulize kama kwenye chumba chake cha bandeji anapokea wanaume. Tuko wawili. Kasian anasema atakuja, ila mimi nitangulie kuingia.

Mdogo wako,
Mwinshehe